Tope Ndani ya Picha

Vitabu vinavyowaongoza watalii huwashauri wapiga picha wafike Kisiwa cha Rubondo kati ya Juni na Agosti, wakati mvua imekwisha, njia za msituni zimekauka na mbingu imetakata. Anayependa maua na vipepeo huambiwa aje kati ya Novemba na Machi, na anayefuata ndege wahamiaji aje Desemba hadi Februari. Aprili na Mei, kiini cha masika, hubaki kama pengo kwenye kalenda, miezi ambayo mwenye kamera anatakiwa kukaa kwake na kusubiri. Ushauri huo unailinda kamera, na haulengi kumdanganya mtu. Hata hivyo nina hoja ya kuupinga. Kwa mpiga picha wa mazingira anayezunguka kusini mwa Ziwa Victoria kwa boti, masika ndiyo majira yenye ukweli mwingi kuliko yote, kwa sababu yanamnyima uongo ambao kiangazi humpa bila malipo: kwamba pori la kisiwani limesimama peke yake, halidaiwi na nchi kavu wala halidai. Mvua inauvunja uongo huo mbele ya lenzi. Anayepita ziwani wakati huo akarudi na picha alizozikata kwa ustadi ili tope lisionekane, ameikataa zawadi iliyomfuata hadi kwenye boti.

Tuanzie mbali na kisiwa, Kisesa, wilayani Magu, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Mpiga picha wa wanyama hana sababu ya kusimamisha gari hapa, labda kwa ajili ya Makumbusho ya Bujora. Lakini mvua ya Aprili ikinyesha usiku, asubuhi mitaro ya barabara hukimbiza maji yenye rangi ya chai ya maziwa, njia za ng'ombe huwa vijito, na mashamba ya mahindi na pamba huachia ngozi yake ya juu. Wasukuma wana majina ya kuutenganisha udongo unaoondoka. Luseni ni ule wa mchanga wa miinukoni. Mbuga ni ule mweusi, mzito, wa mabondeni, unaoshika maji na kufaa majaruba ya mpunga. Neno mbuga limesafiri njia mbili: kwenye matangazo ya utalii ni makazi ya simba na nyumbu, kwa mkulima wa Magu ni mahali anapozama hadi magotini akipandikiza mpunga. Maana hizo mbili hukutana Mto Simiyu. Mto huo hukusanya maji ya upande wa Serengeti na Maswa, huupokea Mto Duma, hupita kati ya mashamba na malisho, kisha humwaga kila ulichobeba katika Ghuba ya Speke, ndani ya wilaya hiihii. Kiangazi hupungua hadi kubaki vidimbwi na mchanga mweupe. Masika hufurika, na aliye ndani ya boti nje ya mlango wake huuona mpaka wa rangi mbili majini, kahawia upande mmoja na kijani kibichi upande wa pili, mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa rula.

Hapo atajitokeza msomaji makini na ramani mkononi. Atasema Rubondo iko pembe ya kusini magharibi ya ziwa, Ghuba ya Speke iko kusini mashariki, na udongo mzito wa Simiyu hutuama karibu na mlango wa mto. Tope la Magu linaihusu nini hifadhi iliyo upande wa Geita na Chato? Ni swali zuri, na jibu lake liko juu ya vichwa vyetu. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia katika ziwa hili hayapiti mtoni kabisa. Huanguka moja kwa moja kutoka mawinguni juu ya eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Watafiti waliopima mvua na vumbi upande wa Tanzania wamekuta pia kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayolirutubisha ziwa kupita kiasi hufika kwa njia ya hewa: majivu ya mashamba yanayochomwa kabla ya kulimwa, moshi wa misitu na wa majiko, vumbi la ardhi iliyovuliwa nyasi. Vingine hujishukia vyenyewe kiangazi, na mvua huvishusha vilivyobaki hewani. Tone linalogonga jani la msitu wa Rubondo limekwisha kuosha hewa ya Sengerema, Geita na Magu. Mpaka wa hifadhi ni mstari halali kisheria, na majangili wanapaswa kuuogopa, lakini hakuna askari awezaye kulisimamisha wingu alikague. Mpiga picha anayeisubiri mvua ipite ili apate pori safi anasubiri kipite kile kinacholiunganisha pori lake na jiko la mtu wa Kisesa.

Ushahidi mzito kuliko wote uko chini ya boti yenyewe. Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, samaki wadogo ambao wengi wetu tumewaona kama chakula cha watoto au chambo cha ndoana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, akiwamo Frans Witte, walianza kuwachunguza kutoka Mwanza mwaka 1977, na miaka michache baadaye walishuhudia mamia ya spishi zikipungua au kutoweka. Sehemu kubwa ya lawama ilimwangukia sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 na kushamiri upande wetu katika miaka ya 1980. Lakini kuna sababu nyingine iliyofichika zaidi, nayo inahusu mwanga. Kwenye miamba ya visiwa vya eneo la Mwanza huishi furu wawili wa jamii moja waliopewa majina ya kwetu: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya samawati yenye kijivu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu unaowaka. Majike wao wanafanana mno, na hawana rangi ya kujivunia. Jike hulitambua dume la kabila lake kwa rangi, na rangi huonekana ikiwapo nuru ya kuionyesha. Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, spishi hizo mbili zimebaki mbili. Kisiwa cha Luanso, ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni mazito, wamechanganyika. Madume huwa ya rangi za katikati na mstari kati yao umefutika.

Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Witte walieleza katika jarida la Science jinsi jambo hilo linavyotokea. Chembe za udongo na mwani ulioneemeka kwa mbolea humeza kwanza mwanga wa bluu, kisha unaobaki ni wa njano na nyekundu, na kadiri kina kinavyozidi ndivyo dunia ya samaki inavyozidi kuwa ya rangi moja. Jike haoni tofauti aliyoizoea, humkubali yeyote, na maelfu ya miaka ya kutengana hurudishwa nyuma kimyakimya, bila nyavu wala sumu, bila mzoga hata mmoja kuelea juu ya maji. Mauti ya namna hii hayapigiki picha kwa urahisi. Ndiyo maana nasema rangi ya maji ya masika inastahili kupigwa picha kwa heshima ileile anayopewa furukombe akiwa na sato makuchani. Mpiga picha anayelalamika kwamba maji ya Aprili yameharibu rangi ana shida ileile ya samaki jike: mwanga umebadilika. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kurudi Julai.

Basi tuvuke hadi Rubondo kwenyewe, maana ndiko mpiga picha anakokwenda. Boti huondoka Nkome au Kasenda, na kinachojitokeza mbele ni ukuta wa msitu unaofunika sehemu kubwa ya kisiwa, mafunjo kwenye ghuba ndogondogo, mnandi wakikausha mabawa juu ya mawe, na mvua ikitembea juu ya maji kama pazia linalovutwa. Neno la kwanza linalomjia mgeni ni kwamba mahali hapa hapajaguswa. Historia inasema vingine. Rubondo ilikuwa na wakazi, wavuvi na wakulima wa migomba, waliohamishiwa visiwa vya jirani na nchi kavu kisiwa kilipofanywa pori la akiba mwaka 1965. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilifuata mwaka 1977. Kati ya 1966 na 1969 Jumuiya ya Zuolojia ya Frankfurt, iliyoongozwa na Bernhard Grzimek, ilifungulia humo sokwe 17 waliotoka katika mabustani ya wanyama ya Ulaya. Twiga waliletwa. Tembo waliletwa. Mbega waliletwa, na vifaru weusi pia, ingawa majangili waliwamaliza. Baadaye wakaongezwa kasuku wa kijivu walionaswa katika biashara haramu. Kisiwa cha Saanane, kilichofunguliwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa mbele ya Jiji la Mwanza, kilikuwa kituo cha kupumzishia wanyama waliokuwa njiani kwenda Rubondo. Wenyeji wa asili ni nzohe, pongo, kiboko, mamba, fisi maji. Mpiga picha anayeleta sokwe mmoja ndani ya ukungu na kuandika chini yake neno la Kilatini na jina la kisiwa ametuonyesha kitukuu cha mkimbizi bila kutuambia habari za ukimbizi wake.

Wapo watakaosema kwamba maneno kama haya ni hatari, kwamba ukishatangaza pori limetengenezwa na watu umewapa hoja wale wanaotamani kulikata. Hofu hiyo naielewa, na siiogopi, kwa sababu Usukumani pana elimu ya zamani inayoijibu. Ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo kaya au kijiji hulifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi zikue hadi kiangazi kikali ambapo hufunguliwa ng'ombe wale. Hakuna ukuta, kuna makubaliano. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imebaki jangwa kwa kufyekwa miti na kulishwa kupita kiasi, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na ngitili zikarudi kwenye zaidi ya hekta 300,000. Ndege wakarudi, miti ya dawa ikarudi, matunda ya porini yakarudi. Hakuna Msukuma aliyedhani ngitili ni porojo kwa kuwa imewekwa na watu; thamani yake iko hapohapo, kwamba kuna mtu aliyejizuia. Sokwe wa Rubondo nao, waliofunguliwa bila mafunzo yoyote, walijifunza ndani ya muda mfupi kutafuta chakula na kujenga matandiko yao mitini, na wajukuu wao ni wanyama wa mwituni kweli. Pori lililotengenezwa linaweza kuwa pori. Linalohitaji ni kuangaliwa kila msimu, na haliwezi kuangaliwa na watu wanaoamini kwamba lilijitokeza lenyewe. Tena angalia kwamba masika ngitili huwa imefungwa. Kwa elimu ya wenyeji, wakati wa mvua ndio wakati wa kulijali pori, kwa kuwa ndipo linapokua.

Wazo la ziwa tupu lina umri wake pia. Kijiji cha Kageye, pwani ya Ghuba ya Speke, hakiko mbali na Kisesa. Kutoka hapo Henry Morton Stanley aliisukuma boti yake Lady Alice majini tarehe 8 Machi 1875, boti iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo, akalizunguka ziwa zima na kurudi mapema Mei. Safari yake ilikuwa ya masika, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kile alichokikuta humo hakifanani na nyika: vijiji kila ghuba, mitumbwi ya biashara na ya vita, ufalme wa Buganda na wanamaji wake, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokwisha kufika Kageye kabla yake. Safari hiyohiyo ilizaa ugomvi wa Kisiwa cha Bumbire, na Agosti ya mwaka huo alirudi na bunduki akaua watu wengi pwani. Kisha yakaja malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu wasiopungua laki mbili upande wa Uganda, na utawala wa Gavana Hesketh Bell ukawaondoa waliosalia kwenye Visiwa vya Ssese. Waliofika miaka kadhaa baadaye waliona misitu hadi ukingoni mwa maji na viboko wasiosumbuliwa, wakadhani wanaona mwanzo wa dunia. Walikuwa wanaangalia kaburi. Kila anayeelekeza lenzi kwenye kisiwa chenye kijani cha masika na kusifu upweke wake angepaswa kujua kwamba katika ziwa hili upweke mara nyingi una tarehe, na una amri iliyotiwa saini.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wanaoipenda hifadhi. Picha nzuri huleta fedha, wanasema. Rubondo haina makundi ya nyumbu. Ni kisiwa cha mbali, wageni ni wachache, na bila picha za kuvutia hata hao hawatakuja, wala mshahara wa askari hautapatikana. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu hivi kati ya Kigongo na Busisi, limewaondolea wasafiri foleni ya kivuko, na ni sasa hasa kisiwa kinahitaji sura ya kupendeza. Nguvu ya hoja hii naikubali. Grzimek na mwanawe Michael waliithibitisha: filamu yao ya mwaka 1959 kuhusu Serengeti ilipata Tuzo ya Oscar, ikafungua mifuko ya Wajerumani, na huenda bila fedha za namna hiyo kusingekuwa na sokwe hata mmoja Rubondo. Lakini tuhesabu pia gharama. Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walitolewa Serengeti wakapelekwa Ngorongoro, na Grzimek aliamini kwa moyo mweupe kwamba ndani ya hifadhi asiishi mtu yeyote, hata mzawa. Picha iliyowaacha watu nje na sera iliyowatoa nje zililishana. Mfadhili aliyefundishwa na picha kwamba pori ni mahali pasipo na mtu, siku akimwona mvuvi ndani ya picha atauliza amefuata nini. Fedha zinazopatikana kwa kumwonyesha mtu nusu ya jambo huisha siku anapoiona nusu ya pili.

Kinyume chake nacho tumeshakionja, na Mwanza inakikumbuka vizuri kuliko mji wowote. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ilitoka mwaka 2004 ikaizunguka dunia na vichwa vya sangara vyenye funza, watoto wa mitaani na ndege za mizigo usiku. Ilifika hadi kwenye orodha ya walioshindania Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani. Atakayesema kwamba kuonyesha tope kunaidhalilisha nchi ana mfano mkononi. Nami nakubaliana naye kwamba filamu ile ilitudhulumu. Ilidokeza biashara ya silaha kwa nguvu kuliko ilivyoithibitisha, na iliufanya mji mzima uonekane jalala. Kosa lake, hata hivyo, ni ndugu wa kosa la picha ya kijani iliyosafishwa. Zote mbili hukata uzi. Moja huonyesha uzuri usio na watu, nyingine huonyesha uchafu usio na chanzo, na mtazamaji wa zote mbili hubaki asijue kwamba minofu ya sangara aliyoila Ulaya, moshi wa shamba la Magu, mwani wa ghuba na rangi ya furu ni habari moja. Tope ninalolitetea ni lile linaloonekana linakotoka na linakokwenda: mlango wa Simiyu ukiwa na shamba nyuma yake, mstari wa rangi mbili majini, mvuvi akiwa mbele na msitu wa hifadhi nyuma ya mgongo wake, wote katika fremu moja.

Kuna hoja ya usalama, nayo haina mzaha. Mchana nchi kavu hupata joto upesi na upepo hutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka, hewa ya pande zote huteremka kuelekea majini, hukutana katikati, hupanda, na kabla ya alfajiri ziwa huchemka kwa radi na mawimbi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika Nature Communications ulionyesha kwamba ongezeko la joto duniani litazidisha ukali wa dhoruba hizo juu ya ziwa. Kwa hiyo simwambii mtu alale katikati ya maji mwezi Aprili ili aonekane shujaa. Boti isubiri utabiri, ivuke asubuhi hali ikishatulia, jaketi la kuokolea livaliwe badala ya kukaliwa. Na tusiisingizie mvua kila msiba: MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, zilibeba watu kupita uwezo wake, na hatuwezi kuwazika waliokufa mara ya pili kwa kulilaumu wingu. Masika yana namna yake ya kupigwa picha: kukaa. Kiangazi kinamruhusu mtu apite kisiwa kimoja hadi kingine akichuma sura. Mvua humfunga pwani siku mbili, tatu, macho yake yakabaki kwenye mwalo mmoja wa wavuvi.

Na kwenye mwalo huo kuna watu ambao safari za picha huwapita zikiwaacha kama sehemu ya mandhari. Hakuna mpiga picha asiyependa taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, mamia ya nuru zilizotapakaa kama mji uliosimamishwa juu ya maji. Wenye taa hizo ndio hao wanaokutana na dhoruba ya kabla ya alfajiri. Wakisalimika, hurudi na dagaa wanaotakiwa kuanikwa, na jua halipo. Mzigo huoza juu ya mchanga au kwenye vichanja, bei huanguka, na kilichotarajiwa kuwa kitoweo huuzwa kama chakula cha kuku. Taa za usiku bila mchanga wa asubuhi ni nusu ya picha. Lakini hapa nami napaswa kujihadhari, maana ninayetaka watu waingie kwenye fremu sina haki ya kuwaingiza kwa nguvu. Mwanamke anayegeuza dagaa walioharibika anaweza kukataa kupigwa picha siku ya hasara yake, na kukataa kwake kuna uzito zaidi kuliko hoja yote niliyoijenga. Kiswahili kinasema kupiga picha kwa kitenzi kilekile cha kupiga risasi na kupiga hodi, na mwaloni hodi lazima itangulie, tena kwa kusubiri jibu. Yako mengi ya kuonyesha bila uso wa mtu: nyavu zilizolowa, kichanja kitupu, mzani wa mnunuzi uliofunikwa turubai.

Miaka ya karibuni masika yenyewe yamekuwa yakiikataa fremu. Baada ya mvua nzito zilizoanza mwishoni mwa 2019, kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilipita mwezi Mei 2020 rekodi iliyodumu tangu Mei 1964. Mwezi Mei 2024 kikapita tena. Mialo ilizama, nyumba za pwani zikaingiwa na maji, na mafunjo yakang'oka na mizizi yake na udongo wake, yakawa visiwa vinavyoelea vikiwa na ndege, nyoka na viota. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilisukumwa na upepo hadi bwawa la Nalubaale, kikaziba mitambo, na umeme ukakatika karibu Uganda nzima. Pori lilikuwa limekwenda mjini lenyewe. Wahandisi walililaani, na walikuwa na sababu, lakini sijui taswira nyingine inayosema kwa uwazi zaidi kwamba katika ziwa hili hakuna kilicho mbali.

Juni hufika. Kisesa, ngoma za tamasha la Bulabo hulia Bujora, makundi ya wachezaji ya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, mavuno yako ghalani, na vumbi la kwanza huinuka barabarani. Wakati huohuo kalenda ya wapiga picha hufunguliwa na boti huanza kuondoka Nkome kwenda kwenye maji yanayoonekana yametakata. Udongo wa Aprili umetuama chini, pamoja na majivu, mwani uliokufa na fosforasi yake yote. Na katika miezi hiyo hiyo ya kiangazi upepo wa kusi hushika kasi, hulipoza ziwa juu, maji ya juu yakawa mazito na kuzama, na ya chini yakapanda. Kina chote huchanganyika. Kilichoshuka na mvua hurudi juu mwezi Julai, mbele ya lenzi iliyokuja kutafuta maji yasiyo na masika ndani yake.